Papai la Kurumbiza

Kwangu papai halikai nje. Wanangu wanajua, mume wangu anajua, na mgeni akija na papai lake la zawadi huwa nalipokea kwa shukurani nyingi, nalipeleka moja kwa moja kwenye friji, nafunga mlango. Juzi asubuhi natoka kuoga nakuta sahani ya papai lililokatwa vipande iko kibarazani, jua limeshalipata, na ile harufu yake ya utamu unaotaka kuchacha imejaa mpaka chumbani. Nilipiga kelele hata jirani akauliza kulikoni. Kijana wangu mkubwa, ambaye siku hizi ana simu inayosikiliza ndege na kumtajia majina yao, alikuwa amejibanza nyuma ya pazia anavizia shore waje kula apate kuwapiga picha. "Mama, si ndege tu," akaniambia. Ndege tu! Wallahi watoto hawa watanitoa roho.

Siku ile sikuweza kumweleza, hasira zilinikaba. Nakuelezeni nyinyi wenzangu mliolelewa na bibi zenu, maana nyinyi mnajua bibi akishaamua jambo lake huwa hamwambii mtu, analifanya kimya kimya mpaka liharibike.

Mimi niliachwa kwa Bibi mzaa mama, ghorofa ya tatu katika yale majumba marefu ya Michenzani, mama alipoolewa mara ya pili. Baba na mama waliachana nikiwa bado nanyonya, na baba alikuwa na mambo yake huko bara, simlaumu wala simsifu. Mume mpya wa mama alikuwa na nyumba Mangapwani. Mama aliniambia, huku ananifunga vifungo vya gauni, kwamba nikae kwa Bibi kidogo, akishatengeneza mambo yake atakuja kunichukua. Sasa mtoto anaambiwa "kidogo" anaelewa nini? Mimi nilielewa kesho, au ikizidi sana keshokutwa. Nilikuwa nakaa karibu na mlango nasikiliza ngazi, na kila kandambili zilizopanda nilizihesabu kuwa za mama mpaka zipitilize kwenda juu kwa watu wengine.

Bibi alichoka kunikuta mlangoni. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, ingawa babu alikuwa ameshafariki na hakukuwa na mume wa kugombania, "hapo utapata baridi ya miguu bure. Njoo roshani, mambo yako huku."

Kweli yalikuwa huku. Bibi alikuwa mtu wa Uroa, na miaka yote aliyokaa mjini haikumwingia hata kidogo. Roshani yake ilijaa madebe ya mrehani na mchaichai, na kila asubuhi akishamaliza uradi wake aliweka mbuzi pale nje, akakaa, akakuna nazi huku macho yake yako mitini. Masika yalikuwa yanaanza kukatika, mvua inanyesha alfajiri kisha inatuachia jua, kila kitu kimekuwa kijani mpaka ukutani, na ndege wote wameingiwa na wazimu wa kujenga. Mbele yetu kulikuwa na mwarobaini mkubwa na minazi, na sisi tulikuwa usawa wa vilele vyake, kwa hiyo sisi ndege tulimwona mgongo, si tumbo kama watu wa chini.

Sitaki kusema uongo, ilikuwa raha. Mnana walichana makuti wakasuka viota vyao vya duara, wanapiga kelele kama soko zima. Dume anasuka tangu asubuhi, jike anakuja anaingia, anachungulia, anatoka, hakipendi. Dume anakibomoa chote anaanza upya. Bibi alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mwone, mwone mwanamume huyo, kashakataliwa tena! Jenga, baba, jenga, ndiyo ndoa hiyo!" Chozi, yule ndege ambaye hafiki hata kidole, alikuja kwenye maua ya mrehani akaning'inia hapo karibu na pua yangu, nami nikazuia pumzi. Na kunguru, lakini hao sitaki hata kuwaelezea. Kila anayeishi Unguja anawajua: huwezi kuanika dagaa, huwezi kuacha dirisha wazi, hata sabuni wanaiba. Bibi alikuwa na fagio la chelewa pembeni kwa ajili yao tu.

Halafu alikuwepo kurumbiza, na huyo ndiye chanzo cha balaa lote. Ni ndege wa manjano, manjano kwelikweli, mdomo mwekundu, na machoni ana mstari mweusi kama aliyepaka wanja. Hakai mwaka mzima. Anakuja masika yakiishia, kipupwe kikipita anakwenda zake. Ana mluzi mzito wa majimaji, unausikia kabla hujamwona, na siku ya kwanza nilipousikia Bibi aliacha kukuna nazi akaweka kidole mdomoni.

"Kurumbiza," akamwita kwa adabu, kama anavyomwita mtu mzima. "Kuna mgeni?"

Yule ndege akaruka tawi la juu, akaruka la chini, akageuka, akapiga mluzi.

"Haya," Bibi akasema, na uso wake ukakunjamana. "Yuko njiani."

Akanieleza kwamba kwao Uroa ndivyo walivyofanya tangu zama za mama yake. Ukimwona kurumbiza karibu na nyumba, muulize. Akirukaruka, mgeni anakuja, fagia uwanja, ongeza mchele. Akitulia tuli, hakuna mtu, kula chako ulale.

"Mgeni gani, Bibi?"

"Mgeni ni mgeni. Ndege hataji jina."

Mimi jina nilikuwa nalo. Kwangu mgeni alikuwa mmoja tu duniani, na sasa nimeonyeshwa ndege anayejua safari zake. Tangu siku hiyo sikukaa tena mlangoni. Nilihamia roshani moja kwa moja, nikishaamka tu, kabla ya kupiga mswaki, na nilimuuliza yule ndege kila alipotokea, kwa adabu zote alizonifundisha Bibi, na kila mara alirukaruka.

Nambieni, jamani, ndege gani asiyerukaruka? Mtu mzima na akili zake ananifundisha kitu kama hicho, asifikirie hata mara moja kwamba ndege anayetulia tuli ni ndege mgonjwa! Na ubaya zaidi, kurumbiza hakukosea hata siku moja, kwa sababu Michenzani hapana siku isiyokuwa na mgeni. Alikuja mwanamke wa vitumbua. Alikuja fundi wa maji, maana maji yalikuwa hayapandi. Alikuja mtoto wa jirani kuomba chumvi. Kila ilipopigwa hodi nilikimbia, na kila aliyeingia nilimchukia kwa nafsi yake. Yule fundi masikini ya Mungu alikuwa ananiletea pipi, nami nilikuwa namtazama kama mwizi.

Kitu kimoja kilinifariji. Bibi naye alikuwa anamkasirikia yule ndege. Mara nyingi kabla sijapata kuuliza, Bibi alikuwa ameshasimama anampigia makofi. "Kheri! Kheri! Nenda na kheri zako huko!" Na kurumbiza anaruka, manjano yake yanapotea nyuma ya mnazi. Niliona kwamba Bibi amechoshwa na uongo wake kama mimi, na kwamba anamkomoa kwa niaba yangu. Nilimpenda sana kwa hilo.

Lakini akili yangu iliniambia kwamba makofi si dawa. Tatizo, niliamua, ni kwamba kurumbiza yuko mbali, hasikii vizuri ninachomuuliza, ndiyo maana analeta wageni wasiotakiwa. Akisogea karibu nitamtajia jina la mama na Mangapwani, na hakutakuwa na kosa. Na ili asogee inabidi alishwe. Kwa hiyo kila asubuhi nilichukua sehemu yangu ya papai, nikaikata vipande, nikavipanga juu ya ukuta wa roshani kimoja kimoja. Mimi mwenyewe sikuonja. Nilikuwa na njaa ya papai mpaka leo nikikumbuka mdomo unanijaa mate, kisha nakasirika.

Shore walikuja wakadonoa. Kurumbiza alikuja mara moja akatua kwenye kamba ya nguo, karibu kabisa, nikasahau kila nilichotaka kumwambia, na Bibi akapiga chafya, ndege akaruka. Lakini siku nyingi nilikuwa nikiingia ndani kunywa chai, nikirudi vipande vyote vimetoweka. Ukuta mtupu. Na hapo hapo inasikika sauti ya Bi Salma, jirani wa ghorofa ya pili.

"Nani anamwaga matunda juu ya nguo zangu? Hii kanga nimeifua leo, jamani! Leo!"

Nilijua ni nani. Kunguru. Nani mwingine? Niliwatangazia vita. Nilikaa na fagio la chelewa mkononi jua linanichoma, chai yangu naletewa huko huko, na hata nikienda msalani nilikwenda mbio. Kunguru walikaa juu ya nguzo ya umeme wakinitazama. Na kumbe wakati huo wote, wao walikuwa hawana kosa! Pengine ndiyo mara ya pekee katika historia ya kisiwa hiki kunguru wamesingiziwa.

Siku moja Bi Salma alipanda mwenyewe, kanga yake mkononi ina doa la rangi ya machungwa katikati ya maandishi. Bibi alikuwa jikoni.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, lakini papai lako limenichosha."

"Si mimi, ni kunguru. Mimi naweka, wao wanaangusha."

Bi Salma alinitazama, akatazama jikoni, akapunguza sauti. "Kunguru gani anayevaa bangili? Mie nilikuwa chini naanua nguo, nimetazama juu kwa macho yangu mawili. Ni mkono wa bibi yako. Anavisukuma kwa upawa."

Sikuamini. Nilikwenda jikoni nikamuuliza Bibi kweli au uongo.

"Papai linaleta chungu na sisimizi ndani ya nyumba," Bibi akasema. Akachukua mbuzi na nusu ya nazi, akakaa akaanza kukuna, hanitazami.

"Na ulikuwa unamfukuza kurumbiza makusudi!"

"Ndege ana kelele."

"Hutaki mama aje! Ndiyo! Hutaki aje anichukue!"

Nilisema kwa kelele, Bi Salma yuko pale mlangoni na kanga yake. Nilitegemea Bibi atanichapa, au angalau ataniambia nishike adabu. Alikuna ile nazi mpaka nyama ikaisha, na akaendelea kukuna kifuu. Sauti yake ilikuwa mbaya, inaingia kwenye meno. Bi Salma aliondoka polepole bila kuaga, na habari za doa hazikutajwa tena.

Nilimnunia Bibi. Sikumsemesha, na akiniita mke mwenzangu nilijibu "Abee" kavu kavu tu kwa kuwa kutoitika ni kukosa adabu. Nilikuwa na uchungu ambao hata sasa sijui niuelezeje. Yeye kunizuia lilikuwa jambo moja. Kilichoniuma ni kwamba nilimdhania mwenzangu, tunangoja pamoja, kumbe kila mmoja anaomba lake. Nami nilijua wazi sasa: mama yuko tayari siku nyingi, ana hamu yangu, na kinachomchelewesha ni upawa wa Bibi.

Mama alikuja siku ya mvua. Hakukuwa na ndege hata mmoja, wote wamejificha, na mimi nimelala chini kwenye mkeka nimekata tamaa ya kila kitu. Ikasikika hodi. Sikuinuka hata. Kisha nikasikia harufu ya udi iliyoloana mvua, na nikawa nimeshamfikia kiunoni kabla hajavua viatu.

Alikuwa amenenepa uso. Alinibusu, akanipa halua kwenye kikapu chake kidogo cha ukindu, akasema nimerefuka. Mimi sikuwa na haja ya halua. Nilikwenda mbio chumbani nikachomoa nguo zangu zote kwenye kamba, mbichi na kavu, nikazifunga kwenye kanga. Nilipotoka na furushi langu mama aliliangalia, kisha akamwangalia Bibi, na Bibi akaona alivyoangalia.

"Mke mwenzangu," Bibi akaniambia, "nenda roshani kidogo."

"Kuna mvua, Bibi."

"Nenda hivyo hivyo."

Nikaenda. Mlango wa roshani ulikuwa haufungi sawasawa, kila mtu wa nyumba ile alijua, na Bibi alijua kuliko wote.

"Si sasa, mama," mama alikuwa anasema. "Nyumba ndogo, yeye ana watoto wake pale, na mie mwenyewe nna mimba. Anasema tungoje kwanza. Nimekuja kukujulia hali tu, nnarudi na gari ya jioni."

Nikafikiri sasa Bibi atafurahi. Nilijua atasema alhamdulillahi, atamwekea chakula, na mambo yake yametimia. Nilishika furushi langu nikangoja kuisikia furaha yake ili nimchukie vizuri.

"Rahma," Bibi akasema, na hiyo sauti sikuwahi kuisikia. "Umemwona huyo mtoto na nguo zake?"

"Nimemwona, mama."

"Basi mchukue."

"Mama, nshakwambia..."

"Umeniambia, na mie nakwambia. Hebu nisikilize. Mie nnamtaka, nnamtaka kuliko unavyomtaka weye, Mungu ananiona! Masika haya yote nnamfukuza ndege wa watu asije akakuleta. Mtu mzima mimi, nna mvi, nnagombana na ndege! Lakini mtoto kakaa hapo nje anakungoja weye. Kwa jua, kwa mvua. Hali tunda lake, anamlisha ndege kwa ajili yako. Hakuna siku iliyopita hajakuulizia. Sasa unaniletea habari za nyumba ndogo? Wangapi tulilala chumba kimoja Uroa? Mlazeni chini, mlazeni jikoni, lakini mchukue!"

Mama alikuwa analia. "Ntakuja kumchukua, inshallah."

"Inshallah ya kweli, au ya kunitoa mlangoni?"

Nilimsikia Bibi akivuta kiti, akikaa kwa kishindo. Baadaye mama alikuja roshani akanikumbatia na lile furushi katikati yetu, akaniambia maneno, sikumbuki hata moja. Alishuka ngazi. Nilizisikiliza kandambili zake mpaka chini.

Bibi alinikuta nimesimama pale pale, nimeloa. Alinivua gauni, akanifuta kichwa kwa nguvu mno, kama niliyemkosea, masikio yakawa moto. Alikuwa amekasirika na mama, na mume wa mama, na mvua, na mimi nilikuwa ndiye niliye karibu.

"Bibi, kwa nini ulimwambia anichukue?"

"Kwa sababu ndilo ulilolitaka."

"Na weye ulitaka nini?"

Akaacha kunifuta. "Mie? Mie kaniuliza nani? Msimu mzima unauliza ndege, asubuhi na jioni, ndege usiyemjua wala hakujui. Mie niko hapa hapa, nna mdomo wangu, hujanigeukia hata siku moja!"

Nilikuwa nimemwona Bibi amekasirika mara nyingi, lakini kidevu chake sikuwahi kukiona kinatetemeka. Nikamuuliza, basi. Nikamuuliza kwa adabu zote.

"Bibi, wataka nini?"

"Nataka ukae," akasema kwa hasira, akanivika gauni kavu, akalivuta shingoni mpaka likanibana.

Nikakaa. Na lazima niseme, ili nisimdhulumu mtu, kwamba inshallah ya mama ilikuwa ya kweli. Mwaka uliofuata alikuja, na mumewe kamtuma mwenyewe, chumba kimepatikana, kitanda kipo, ndugu yangu mchanga mgongoni. Alisimama mlangoni amefurahi, akanifungulia mikono. Nilimbusu, nikambusu na mtoto, kisha nikamwambia siendi. Aliniuliza mara mbili. Nilimwambia tena. Alimwita Bibi aje azungumze na mimi, na Bibi akaitika kutoka jikoni kwamba hawezi kuja sasa hivi, anatafuta upawa. Nilipokwenda kumwita nilimkuta amesimama amenipa mgongo, na upawa uko mkononi mwake.